Texas: pango limepanda, muuzaji anasema nyumba mpya ni dola 1,840 kwa mwezi. Tununue au tubaki?

Mama_Tumaini (Arlington)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi na mume wangu tunaishi Arlington, kaunti ya Tarrant, apatimenti ya vyumba viwili, na watoto wawili. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Mume wangu yuko ghalani, anaendesha foklifti. Tukijumlisha mishahara kabla ya makato tunapata kama dola 6,400 kwa mwezi. Ovataimu sijaihesabu kwa sababu leo ipo, kesho haipo.

Pango letu ni dola 1,560. Juzi nimekuta karatasi mlangoni: mkataba ukiisha mwezi wa nne, litakuwa 1,685. Hakuna walichotengeneza. Kapeti ni lile lile tuliloingia nalo 2022, na bafuni kuna ukungu mweusi ambao nausugua mwenyewe kila Jumamosi.

Jumapili baada ya ibada tukapita kusini kidogo, kwenye mtaa mpya unaojengwa. Kijana wa mauzo alitupokea vizuri, akatupa maji, akatuandikia hesabu kwenye karatasi: bei dola 289,990, malipo ya awali asilimia 3.5 kwa mkopo wa FHA (ule unaodhaminiwa na serikali kuu), riba ya mwaka wa kwanza asilimia 3.99, na kila mwezi dola 1,840. Nikamuuliza mara mbili, "Kila kitu kimo humo?" Akasema ndiyo: mkopo, bima, kodi ya serikali, ada ya chama cha mtaa. Tofauti na pango jipya ni dola 155 tu, na ni vyumba vitatu na gereji. Tumaini ameshachagua chumba chake.

Akiba tuliyonayo ni dola 14,000. Krediti yangu, yaani alama za uaminifu wa kulipa madeni, ni 655, ya mume wangu 690. Wote tuna kadi za kijani, za ukaazi wa kudumu. Yule kijana anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, anasema riba hiyo itaondolewa.

Waliotangulia, mnasemaje? Naona kama ni mlango umefunguka, lakini moyo unasita na sijui unasita kwa nini.

Kamanda_Mesquite

Nunua dada. Pango ni kumjengea mwenzio. Mimi nilinunua 2020 kwa dola 214,000, riba asilimia 2.875, jirani yangu ameuza juzi kwa zaidi ya 290,000. Ningesubiri ningekuwa bado kwenye apatimenti. Nyumba ya Texas haijawahi kumtupa mtu.

MwanaTanga76

Mama Tumaini, usisaini. Sijasema usinunue. Nasema usisaini wiki hii. Karatasi kama hiyo ninayo kwenye droo la jikoni, na nimeilipia kwa jasho.

Kwanza kaka yangu Kamanda. Hongera sana, lakini mlango ulioingilia wewe umefungwa. Wastani wa riba ya mikopo ya nyumba ya miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021. Oktoba 2023 ukafika 7.79. Mkopo wa dola 300,000 kwa asilimia 3 ni kama dola 1,265 kwa mwezi. Mkopo huo huo kwa asilimia 7 ni kama 1,996. Hapo hujagusa bima wala kodi. Dada yetu hanunui nyumba ya 2020.

Sasa nieleze yangu. Tulinunua Agosti 2022, nyumba mpya kabisa, bado inanuka rangi, dola 315,000, FHA. Malipo ya mwezi yalikuwa dola 2,201. Tulipiga hesabu, tukaona tunamudu, tukafurahi, tukaalika watu. Mwaka ukapita bila shida yoyote.

Februari 2024 nikatoka zamu ya usiku, naweka kopo la chakula kwenye sinki, mke wangu kasimama pale na bahasha wazi mkononi. Hakusema neno. Ilikuwa barua ya mkopeshaji kuhusu eskro, yaani ile akaunti anayowekea fedha zako za kodi na bima ili akulipie. Ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali la safu mbili: kushoto malipo ya sasa, kulia malipo mapya. Kulia paliandikwa 3,272. Nikadhani nimesoma vibaya kwa usingizi. Nikanawa uso, nikarudi. 3,272. Ni dola 1,071 zaidi kila mwezi, na mkopo wenyewe na riba havikubadilika hata senti.

Kilichotokea ni hiki, na naomba msome polepole kwa sababu hakuna aliyetueleza siku ya kusaini.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na tangu 2019 katiba yake inaikataza. Shule, barabara za kaunti, hospitali ya kaunti, polisi wa mji, sehemu kubwa ya gharama hizo inatoka kwenye kodi ya majengo. Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa, kwa sababu kodi ni ya mwenye nyumba na kodi ni ya serikali. Mimi nitasema pango kwa ile ya kwanza na kodi ya majengo kwa hii ya pili, ili tusipotezane. Kodi hii ya majengo ni kubwa. Kwangu, ukijumlisha shule, mji, kaunti na wengine wote, ni kama asilimia 2.4 ya thamani kwa mwaka.

Na thamani hupimwa kama nyumba ilivyokuwa Januari 1. Januari 1, 2022, kiwanja changu kilikuwa udongo na vijiti vya alama. Kwa hiyo kodi ya mwaka ule ilikuwa ya ardhi tu: dola 60,000 mara asilimia 2.4, ni 1,440 kwa mwaka, yaani 120 kwa mwezi. Hiyo 120 ndiyo iliyowekwa kwenye hesabu yangu ya 2,201. Januari 1, 2023, nyumba ilikuwa imesimama na sisi tumo ndani. Wakaithamini 310,000. Kodi ikawa 7,440. Ankara hutoka Oktoba au Novemba, inatakiwa kulipwa kufikia Januari 31, mkopeshaji akailipa yote. Kisha akanigeukia. Alitaka mambo mawili kwa wakati mmoja: nilipe kiwango kipya kwa siku zijazo, na nirudishe pengo la mwaka uliopita kwa miezi 12. Kodi peke yake iliongeza 500 juu ya 500. Bima nayo ikapanda, ikamalizia.

Tuliuza gari la pili. Mke wangu aliongeza zamu za Jumamosi kwa miezi 11. Mtoto wa kwanza alikuwa anacheza mpira katika timu ya kulipia, tukamtoa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko gari.

Sasa chukua karatasi yako. Nimeipigia hesabu usiku huu na kikokotoo, na nimekadiria pale ambapo hukuandika.

Bei 289,990, toa asilimia 3.5, ambayo ni kama 10,150. Unabaki na mkopo wa karibu 279,840. FHA wanaongeza asilimia 1.75 ya bima yao ya mkopo juu yake, unafika kama 284,700. Kwa asilimia 3.99, mkopo na riba ni kama dola 1,358. Bima ya mkopo ya kila mwezi ni kama 128, na ukiingia na chini ya asilimia 10 hiyo haitoki mpaka mkopo uishe au uubadilishe. Bima ya nyumba tuseme 175, chama cha mtaa 45. Jumla 1,706. Ili ufike 1,840 zinabaki 134 tu za kodi ya majengo. Dada, hiyo 134 ni kodi ya kiwanja. Haina nyumba juu yake.

Na uliandika "riba ya mwaka wa kwanza". Uliyaandika mwenyewe, nadhani ndiko moyo unakosita. Muulize ya mwaka wa pili na wa tatu. Wajenzi wengi hununua riba ishuke kwa muda: mwaka wa kwanza pointi 2 chini, wa pili pointi 1, wa tatu inarudi mahali pake. Ikirudi 5.99, mkopo na riba ni kama 1,705. Weka kodi kamili. Nikichukua thamani ya 285,000, kodi ya shule asilimia 1.2 na nyingine zote asilimia 1.1, napata kama dola 406 kwa mwezi, na hapo nimeshakutolea msamaha nitakaouzungumzia chini. Jumla mpya ni kama 2,459. Sijaweka pengo la eskro, ambalo litakuja kipindi hicho hicho.

Kwa mapato ya 6,400, pango la 1,685 ni asilimia 26. Hiyo 2,459 ni asilimia 38 kabla hujakatwa chochote kwenye mshahara.

Halafu akiba. Ukitoa 10,150 kwenye 14,000 unabaki na 3,850, na gharama za kufunga mauzo hazijaguswa. Labda mjenzi atazilipa, wengi hulipa ukitumia mkopeshaji wake. Lakini unaingia kwenye nyumba yako ukiwa mikono mitupu, katika jimbo lenye mvua ya mawe.

Hiyo mvua ya mawe nayo ina sehemu yake kwenye karatasi ya bima. Bima nyingi za huku zinakutaka ubebe mwenyewe asilimia 1 au 2 ya thamani iliyokatiwa bima kabla wao hawajaanza kulipa, kama uharibifu ni wa upepo au mawe. Asilimia 2 ya 300,000 ni dola 6,000. Baada ya mawe mafundi wa paa watakugongea mlango, na mmoja atakwambia, "Hiyo sehemu yako nitaimeza mimi." Tangu 2019 sheria ya Texas inamkataza kufanya hivyo. Ukikubali unaingia matatani pamoja naye.

Msamaha sasa. Unaitwa homstedi, ni wa mtu anayeishi mwenyewe katika nyumba yake. Kwenye kodi ya shule wanakutolea sehemu ya thamani kabla ya kupiga hesabu: ilikuwa dola 40,000, wapiga kura wakaipandisha hadi 100,000 Novemba 2023, na hadi 140,000 Novemba 2025. Pia unazuia thamani inayotozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Fomu ni bure, inapelekwa ofisi ya tathmini ya kaunti, na leseni yako ya udereva iwe na anwani ya nyumba hiyo. Mimi sikuipeleka. Tulipohamia, kila siku sandukuni kulikuwa na barua za watu wanaotaka ada ili "wakusajilie" msamaha, zimechapwa kama za serikali. Nikajua ni matapeli, nikazitupa zote, na ya kweli ikaenda nazo. Baadaye nikaambiwa unaweza kuomba kwa kurudi nyuma hadi miaka 2. Nikaomba, wakanirudishia kama dola 1,200. Siku hiyo nilikaa ndani ya gari nje ya posta dakika kadhaa.

Kuhusu kukata rufaa ya thamani nitaandika siku nyingine nikipata nafasi. Kwa sasa jua kwamba tarehe ni Mei 15 au siku 30 tangu notisi, ile inayochelewa zaidi. Na Texas haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyouzia nyumba, kwa hiyo mwombe dalali akutolee bei halisi za majirani. Mimi nilikwenda na bei 4 na picha ya ufa wa ukutani nilioupimia sarafu ya senti 25. Wakanishusha kutoka 338,000 hadi 319,000.

Kesho mwombe yule kijana vitu vitatu kwa maandishi: ratiba ya riba ya miaka yote 30, kodi ya majengo ikihesabiwa kwa thamani ya nyumba iliyokamilika, na orodha ya kila mamlaka inayotoza kodi pale. Uliza hasa kama kuna MUD au PID. Hizo ni wilaya za kulipia mabomba na barabara za mtaa mpya, na mitaa mingi iliyo nje ya miji inazo. Akikupa bila kinyongo, mzungumze. Akikwambia "hayo tutayaona baadaye", shika mkono wa Tumaini mwondoke.

Binti_Pwani (Pflugerville)

MwanaTanga, ahsante. Nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Dada, mimi naongezea upande wa pango, kwa sababu watu huku wanajadili kununua tu kama vile anayepanga hana la kufanya. Sisi tuko nje ya Austin. 2022 pango letu lilipanda kwa dola 310 mara moja. Nilikwenda ofisini nikilia. Nikaambiwa ndiyo soko, na kweli hakuna sheria ya kunilinda: Texas hairuhusu mji wowote kuweka ukomo wa pango, isipokuwa wakati wa maafa, tena gavana akubali.

Kilichotuokoa ni nyumba kujengwa. Austin walijenga apatimenti nyingi mno kwa miaka michache, zote zikafunguliwa karibu wakati mmoja, na pango likaanza kushuka, likashuka zaidi ya miaka miwili. Mji wenyewe ulifuta sharti la maegesho mwishoni mwa 2023, ukaruhusu nyumba tatu kwenye kiwanja cha moja, na 2024 ukapunguza ukubwa wa chini wa kiwanja hadi futi za mraba 1,800. Sasa jimbo zima linaiga kidogo: tangu Septemba 2025 miji mikubwa haiwezi tena kudai viwanja vikubwa kwenye mitaa mipya, na apatimenti zinaruhusiwa kwenye maeneo ya biashara. Matunda ya sheria hizo yatachukua muda kuonekana, lakini naziombea.

Nilichofanya mwaka jana: nilipoletewa karatasi ya kuongeza, nilifungua simu, nikapiga picha matangazo ya majengo 5 ya jirani, na la jengo letu wenyewe, lililokuwa linatangaza chumba kama changu kwa mpangaji mpya kwa bei ya chini kuliko yangu. Nikayachapisha. Nikamwekea meneja mezani, nikamwambia kwa upole, "Nimekaa miaka minne, sijachelewa hata siku moja. Kuniondoa kutakugharimu mwezi mzima wa chumba kitupu, rangi na kapeti." Alikaa kimya. Jioni akanitumia ujumbe: kutoka 1,540 hadi 1,395.

Dallas na Fort Worth nako majengo mapya yamefunguliwa mengi, utaona mabango ya mwezi mmoja bure, wengine miwili. Lakini angalia mwezi wa bure. Mkataba ukiisha wanakuongezea juu ya bei iliyoandikwa, siyo juu ya ile uliyokuwa unalipa hasa. Mimi huomba bei yenyewe ishushwe.

Na ukihama, wape anwani yako mpya kwa maandishi. Wana siku 30 za kurudisha amana yako au kukupa orodha ya makato. Bila anwani ile, wajibu huo hauanzi. Piga picha kapeti na ule ukungu leo, usisubiri siku ya kuondoka. Na ukungu uandikie ofisi barua, usiusugue kimya kimya.

Shangazi_Houston

Mwanangu Mama Tumaini, shangazi yako ana nyumba tangu 2009 na hajutii. Lakini nakuachia moja tu. Bima ya nyumba hailipi mafuriko. Hailipi kabisa. Mwaka 2017, kimbunga Harvey, maji yaliingia kwangu mpaka kwenye soketi za umeme, na mtaa wetu haukuwa kwenye ramani ya hatari. Majirani wengi hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu mkopeshaji hakuwalazimisha. Mimi nilikuwa nayo, ya mpango wa serikali kuu, kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kuogopa maji tangu Rufiji. Inalipa mpaka dola 250,000 kwa jengo, na kwa kawaida lazima usubiri siku 30 ndipo ianze kufanya kazi, kwa hiyo huwezi kuikata dhoruba ikiwa njiani. Arlington kuna vijito vingi. Uliza maji yanapita wapi mvua ikinyesha siku mbili.

Kamanda_Mesquite

MwanaTanga, nimesoma na nimekwenda kutazama barua zangu za eskro. Malipo yangu ya mwezi yamepanda kutoka 1,410 mpaka 1,730 tangu nianze, na sikuwahi kuyakalia chini kuyaangalia kwa sababu yanakatwa yenyewe. Homstedi ninayo. Dada, neno langu la kwanza nililitoa haraka. Chukua la mwenzangu.

Mama_Tumaini (Arlington)

Ndugu zangu, Mungu awabariki. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilikwenda Jumanne kabla ya zamu. Kijana alikuwa mpole, hakukasirika. Ratiba ya riba alinichapia: 3.99, 4.99, 5.99, kama MwanaTanga alivyosema. Kuhusu kodi, alisema hawezi kuandika makadirio ya nyumba iliyokamilika kwa sababu "kaunti ndiyo inayothamini". Nikampigia simu mtu wa kodi wa kaunti mwenyewe. Mama mmoja akanipokea, akanisomea viwango kimoja kimoja, nami naandika nyuma ya bahasha ya mshahara. Kuna MUD. Peke yake ni senti 72 kwa kila dola 100 ya thamani. Mji haumo, kwa sababu tungekuwa nje ya mipaka yake, lakini MUD imechukua nafasi yake na kuzidi. Nilipiga hesabu upya: siyo 2,459, ni zaidi ya 2,500.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe tungeishi kwa furaha miaka miwili." Tumaini tumemweleza. Amelia kidogo, akauliza kama atapata chumba siku nyingine, nikamwambia ndiyo, na namaanisha.

Pango: nilifanya kama Binti_Pwani. Nilipata matangazo 4, na jengo letu wenyewe linawatangazia wapya kwa 1,495. Meneja alisema hana mamlaka, nikamwomba anipatie mwenye mamlaka. Imekuwa 1,575, mkataba wa miezi 10, na fundi wa ukungu alikuja Alhamisi, amefungua ukuta, bomba lilikuwa linavuja.

Swali langu jipya ni kwa MwanaTanga. Miezi hiyo 10 tuitumieje? Tumepata kila mwezi kama dola 600 za kuweka, tukijibana.

MwanaTanga76

Umenifurahisha mpaka nimemwita mke wangu aje asome.

Fanya hivi. Weka hizo 600, miezi 10 ni 6,000, unafika 20,000. Teremsha kadi za mkopo, krediti yako ikipanda kutoka 655 riba yako itatofautiana kweli kweli. Nenda kwenye darasa la wanunuzi wa mara ya kwanza kwa mshauri aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, mara nyingi ni bure au ada ndogo. Halafu tazama mipango ya jimbo: Texas State Affordable Housing Corporation, na ile ya Texas Department of Housing and Community Affairs inayoitwa My First Texas Home. Wanasaidia malipo ya awali, krediti ianzie 620, kipato kisizidi kiwango cha kaunti. Riba yao huwa juu kidogo, kwa hiyo linganisha na mkopo wa kawaida usio na msaada. Mwenzenu yeyote anayesoma hapa mwenye kibali cha muda tu, ajue kwamba tangu Mei 2025 FHA haikopeshi tena wakazi wasio wa kudumu. Asipoteze ada za maombi.

Na utazame nyumba za zamani kidogo, ndani ya mji, zisizo na MUD. Kodi yake ya majengo unaiona hapo hapo kwenye tovuti ya kaunti, miaka mitano nyuma, haina siri. Lakini jihadhari: kama muuzaji ni mzee wa miaka 65 au zaidi, ana misamaha yake na kodi yake ya shule imegandishwa. Utaona ankara ndogo ukadhani ni yako. Haiji na nyumba.

Kwa nyumba ya zamani angalia paa lina miaka mingapi, na msingi. Udongo wetu ni mfinyanzi, unavimba mvua ikinyesha, unasinyaa kiangazi, unainua nyumba na kuishusha. Funga kila mlango wa ndani uone kama unasugua fremu. Tupa golori sakafuni jikoni. Panda darini mwenyewe, usimwachie mkaguzi peke yake, uangalie mbao za chini ya paa kama zina alama za maji.

Mama_Tumaini (Arlington)

Tumepata moja ya 1998, vyumba vitatu vidogo, ndani ya Arlington, bei iko juu yetu kidogo kwa sasa lakini tunakwenda kujifunzia macho tu. Nimeshaona kodi yake ya miaka mitano kwenye tovuti, na muuzaji hana msamaha wa wazee. Paa limebadilishwa 2021.

Ni Jumamosi saa nne. Mume wangu ameazima ngazi, Tumaini amebeba golori zake mwenyewe, mimi nina tochi.